Mtu wa Kumi na Mbili

Nianze na aibu yenyewe, maana nikianza na mengine nitazunguka mpaka nichoke. Mwaka 1993, kwenye kiwanda cha kamba za katani njia ya Pongwe, nilimtosa mwanamke aliyenifichia siri yangu miaka kumi na moja. Wala sikumtosa kwa maneno. Nilimwita mtu mwingine tu, basi.

Mimi ni Mpemba, jina langu Hilal. Nilivuka kuja Tanga nikiwa kijana, nikapata kazi ya kusokota nyuzi, na zile mashine zikanila sikio la kushoto lote na la kulia nusu. Hazikunila siku moja. Zilinila kidogo kidogo, na nilipogundua kwamba kengele ya saa kumi siisikii tena, nilikuwa tayari msimamizi wa mashine nne. Msimamizi wa kusokota anafanya kazi kwa masikio. Uzi ukikaribia kukatika, mashine hubadili sauti kwanza, na mwenye masikio yake huwahi. Asiyekuwa nayo huja kukuta katani imejizonga mpaka kwenye gia.

Aliyekuwa akiniwahisha ni Benedikta, sisi tukimwita Mama Edgar. Wazazi wake walitoka Songea kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, Mkatoliki wa kila Jumapili, amenizidi miaka minane au tisa. Hatukuwahi kukaa tukapanga hivyo. Siku moja alinishika bega, akaninyooshea vidole vitatu, nikaenda mashine namba tatu nikakuta uzi unalegea. Kesho yake tena. Kwenye mikutano alikaa kulia kwangu akanirudia maneno ya wakubwa sikioni, watu wakidhani tunasengenya. Yeye alinitania tu kwamba Wapemba tunaringa, tukiitwa mara moja hatuitiki.

Enzi za shirika la umma, siri kama hiyo ilikuwa na pa kukaa. Mtu akiharibika mkono au kifua alipewa kazi nyepesi: kufagia, kulinda geti, kuchemsha chai. Na kusema kweli, miaka ile ya mwisho sote tulikuwa kwenye kazi nyepesi, maana vipuri havikuja, umeme ulikuwa wa kubahatisha, tukawa tunakuja kazini kukalia marobota na kuzungumza mpira. Kisha kiwanda kikauzwa.

Mwenye mali mpya akamleta Bwana Manase, Mpare kijana, mpole, kalamu mbili mfukoni. Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa sababu alisema kweli. Kamba za plastiki zimejaa madukani, na sisi watu mia na kumi tunatoa kazi ya watu arobaini. Akatueleza mpango wake. Hakuna tena idara, hakuna msimamizi, hakuna kazi nyepesi. Kutakuwa na vikundi vitatu, na kila kikundi kitashika kazi tangu robota linapofunguliwa mpaka kamba inapofungwa, kila mtu ajue kila kitu. Viongozi watatu watachagua wenyewe watu wao, kumi na wawili kila mmoja. Watakaobaki watalipwa haki zao waende nyumbani. Na sharti moja: asiyeona au asiyesikia vizuri hakai karibu na mashine.

Viongozi tukawa Laurenti, Sadalla na mimi. Sikujiuliza kwa nini mimi. Nilidhani ni ujuzi wangu.

Asubuhi ya kuchagua, Bwana Manase alinipitia kwenye mashine. "Nasikia yule mama Benedikta mko naye kama chanda na pete," akasema. "Mnafanyaje kazi pamoja?" Aliuliza kwa wema tu, lakini mimi niliona mtego. Nikamwona akilini akizunguka kila siku na macho yake yale, akiviona vile vidole vitatu, akimuuliza Mama Edgar ni vya nini. Na Mama Edgar, mwanamke wa kanisani, asingeweza kusema uongo. Hivyo ndivyo nilivyojiaminisha. Mwoga akitaka kumdhulumu mtu, humtafutia sifa nzuri ya kumdhulumia.

Tulisimama uwanjani tukachagua kwa zamu, kama watoto wanaogawana timu. Laurenti, Sadalla, mimi, kisha tena Laurenti. Mama Edgar alikuwa mstari wa mbele, mkoba wake begani, hana wasiwasi wowote. Laurenti hakumwita. Sadalla hakumwita. Na hawa si wajinga, walijua hakuna msokotaji kama yeye pale kiwandani. Hawakumwita kwa adabu: walijua ni mtu wangu, wakaniachia. Sadalla ndiye aliyeniambia hivyo baadaye, na tangu aniambie hatusalimiani vizuri.

Ikabaki nafasi moja, ya kwangu. Wenzangu walikuwa wameshamaliza zao. Mama Edgar akapiga hatua moja mbele kabla sijafungua mdomo. Bwana Manase alisimama kando na daftari lake.

Nikasema, "Ritha."

Ritha, msichana aliyekuwa na miaka miwili tu kazini, alishtuka mwenyewe, akatazama nyuma kuona kama kuna Ritha mwingine. Mama Edgar akairudisha ile hatua yake. Aliirudisha taratibu, akajitanda kanga vizuri, kana kwamba alikuwa amesogea kukwepa jua. Mimi nilijifanya napangusa viatu.

Wiki mbili nikakaa sisemi. Kazini nikajifunza kuweka kiganja juu ya mashine, nikaisikia ikitetemeka kabla uzi haujakatika, na kazi ikaenda. Kumbe ningeweza kujifunza hivyo miaka yote. Nyumbani mke wangu Asmahani akaniuliza mbona Mama Edgar haonekani. Nikamjibu amepunguzwa.

"Na nani?"

"Na mpango."

Asmahani akanitazama mpaka nikatoka nje mwenyewe.

Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, nilikwenda mtaa wa Usagara alikopanga Mama Edgar, nimeshika kilo mbili za sukari kama ninakwenda kuposa. Nilimkuta barazani anamenya mihogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mpemba. Kaa."

Akavuta kigoda akakaa kushoto kwangu, akaanza kusema, mara akakatiza. Akainuka, akabeba kigoda chake, akazunguka nyuma yangu akaja kukaa kulia. Hapo ndipo nilipotamani kuondoka. Mtu niliyemkosesha kazi ananihamia upande wa sikio lililobaki ili nisipitwe na neno.

"Bwana Manase aliniita kabla ya siku ile," akasema. "Aliniuliza, huyu Hilal anasikia? Kuna watu walikuwa wameshamtia maneno. Nikamwambia anasikia kuliko wewe, ni maringo tu ya Kipemba. Akacheka. Akasema basi, atakuwa kiongozi."

Niliona haya. Neno lililonitoka ni hili: "Mie nilidhani utasema."

"Ningesema nini? Miaka kumi na moja nimekaa nalo, nije niliseme siku ya kugawana watu?" Akatupa muhogo kwenye sufuria, maji yakaruka. "Ulivyosimama pale nilikuwa nimeshawaza tutapanga vipi mashine. Mjinga mie."

"Nisamehe, dada."

"Msamaha wako sina pa kuuweka. Edgar yuko kidato cha pili na baba yake unajua hayupo. Kesho nenda kwa Manase, mwambie ulikosea, unanihitaji. Masikio usiyataje. Mimi sijayataja."

Nikamwapia wallahi nitakwenda. Akapokea sukari, akaingia nayo ndani bila kushukuru, na mimi nikarudi nyumbani nimepona nusu.

Jumatatu nilikwenda kweli, kabla mashine hazijawashwa. Bwana Manase alinikaribisha kiti. Nikamwambia nilikosea, kikundi changu kinamhitaji Benedikta.

"Hata mimi nilishangaa ulipomwacha," akasema. "Yule mama ni fundi. Lakini nafasi ni zile zile, Bwana Hilal, siwezi kuongeza hata moja. Akiingia yeye, nani atoke?"

Kiwanda kizima kilikuwa kimya, na swali lile nililisikia lote. Ritha alikuwa ameshaishika kazi, hana kosa, ana mtoto mchanga. Wengine kumi na mmoja nao walikuwa wazima, wanaona, wanasikia. Kwa sharti lake mwenyewe Bwana Manase, mtu wa kutoka alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa pale kwenye kiti. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Nilikuwa naulizia tu, bwana," nikasema.

Nilifanya kazi pale miaka saba zaidi. Mama Edgar sikumpelekea jibu. Nikimwona soko la Ngamiani nageuza njia, na mara nyingi yeye huwa ameshaniona. Hajawahi kuniita. Anajua akiniita sitasikia.