Vidole vya Binah

Louvenia Mazyck aliporudi Charleston, Marekani, kutoka kwa mwanawe, alikokwenda kukikimbia kimbunga, alikwenda moja kwa moja sebuleni hata kofia hajavua. Akapapasa ukuta. Mkono ukakuta plasta mpya.

"Rosetta! Dohani iko wapi?"

"Iliinama, dada, ikataka kutuangukia. Nimeibomoa," mdogo wake akajibu kutoka jikoni, huku akikoroga uji wa mahindi. "Usianze."

Bi Louvenia hakuanza. Hilo ndilo lililomtisha Rosetta, maana mdomo wa dada yake haukuwa mchezo.

Katika dohani ile, usawa wa goti, palikuwa na tofali lenye alama za vidole vinne. Aliyeziacha ni Binah, bibi wa bibi yao, mtumwa wa miaka tisa aliyekuwa akigeuza matofali mabichi juani kando ya mto. Binah hana kaburi wala picha. Ana vidole hivyo tu. Kila asubuhi mama yao aliinama, akagusisha vidole vyake hapo, akasema, "Shikamoo, Bibi," ndipo akawasha moto. Louvenia akairithi desturi hiyo. Rosetta aliicheka tangu utotoni.

Sasa daktari alikuwa amesema Bi Louvenia hataumaliza mwaka akiona. Hakulia. Alijua vidole vile havihitaji macho.

"Matofali mmeyatupa?"

Rosetta akaweka mwiko chini. "Fundi Gaillard ameyatandaza uani kuwa sakafu."

Fundi akaitwa, akaja kofia mkononi. "Nisamehe, mama. Tofali lenye alama sisi tunalilaza kifudifudi, upande laini uwe juu. Ndivyo baba alivyonifundisha. Sikujua."

"Yako mangapi?"

"Mia nne na ushee."

"Basi nimeshamkanyaga nikiingia," Bi Louvenia akasema.

Hapo Rosetta hakustahimili. Alivua viatu, akachukua kisu cha kufungulia chaza, akapiga magoti uani na kung'oa tofali la kwanza. Tupu.

"Kaa hapo kibarazani, dada. Mimi nang'oa, wewe unapapasa. Wewe ndiye unayemjua."

La kumi na tisa lilikuwa na vidole. Rosetta akalipeleka mbio kwa dada yake.

"Siye," Louvenia akasema. "Huyu mtu mzima, mkono kama koleo."

"Aa, dada, vidole si vidole?"

"Siye, nakwambia!"

Likaja lenye kidole gumba peke yake. Likaja lenye kiganja kizima. Kufikia adhuhuri yenye alama yalikuwa saba kibarazani, na Rosetta hakuwa na utani tena. Katika la nane mkono wa Bi Louvenia ukatulia.

"Ndiye," akasema, machozi yakimtiririka. "Shikamoo, Bibi."

Rosetta akapangusa mkono kwenye gauni, akajaribu kutia vidole vyake. Havikuenea, zilizama ncha tu. Alikuwa hajawahi kuvigusa maisha yake yote.

"Mbona alikuwa mdogo hivi, dada?"

"Si tulikuwa tunakwambia."

Rosetta akalilaza tofali pajani mwa dada yake. Kisha akageukia yale saba, ambayo miaka yote yaliangalia ndani ya ukuta wala hayakusalimiwa na mtu. Akagusa la kwanza. "Shikamoo." Akagusa la pili. "Na wewe, shikamoo." Akaendelea hivyo hadi la saba.

Fundi Gaillard alitazama matofali yaliyobaki uani. Akatoa patasi mfukoni, akapiga magoti, akaanza kuyang'oa na kuyageuza, kuanzia langoni.