Uvimbe Kwapani mwa Naisula

Florence aliuona uvimbe alipokuwa akimwogesha mjukuu wake Naisula, nyumbani kwa mwanawe Hillary huko Kitengela. Ulikuwa kwapani, upande wa mkono uliodungwa chanjo ya kifua kikuu, mgumu kama gololi. Aliwahi kuuona mwingine kama huo. Kuntai, mtoto aliyemfuata Hillary, alivimba mahali hapohapo, akashikwa na homa isiyoisha, akafa kabla hajatembea. Watu walinong'ona kwamba tumbo la Florence lina laana. Tangu amzike hakumtaja tena, na Hillary alikua bila kujua kwamba aliwahi kuwa na ndugu.

Akamvisha mtoto nguo, asimwambie mtu.

Naisula alipozidi kukonda, akina mama wa kanisa lake kule Isinya, alikoishi, walimuuliza Florence shida ni nini. Angeweza kusema hajui. Badala yake alisema mke wa mwanawe, Ndanu, si msafi, na maziwa yake hayamfai mtoto. Wenzake waliitikia kwa vichwa, naye akahisi ametua mzigo.

Hospitalini Kajiado, Daktari Munguti aliwauliza wote watatu kama kuna mtoto katika familia aliyewahi kuugua hivyo au kufa akiwa mdogo. Hillary alimtazama mamake.

"Kwetu hakuna," Florence akasema.

Basi mtoto akapewa dawa hii na ile, na homa ikawa inashuka na kurudi. Asubuhi moja Florence alimkuta Ndanu kwenye benchi nje ya wadi, blauzi imelowa maziwa, mtoto akilia mapajani. Alikuwa hataki kumnyonyesha.

"Mama, nasikia watu wa kanisa wanasema maziwa yangu iko na sumu," Ndanu alisema bila kuinua uso. "Nimwachishe?"

Hakujua maneno yalianzia wapi. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyomuuliza mzazi wake. Florence alihisi uso unamwaka. Akamwambia amnyonyeshe, kisha akaenda kugonga mlango wa daktari, akamweleza habari za Kuntai huku akitazama sakafu. Daktari hakumgombeza, na hilo lilimchoma zaidi.

Damu ya mtoto ilichukuliwa ikapimwe Nairobi. Majibu yaliporudi, daktari aliwaita akawaeleza taratibu. Chembe zinazogundua vijidudu mwilini hutoa protini, ambayo ni ujumbe wa kuita chembe nyingine zije kupigana. Hizo nyingine zina vipokezi kwenye ngozi zake vya kuupokea ujumbe. Chembe za Naisula hazikuwa na kipokezi kimoja.

"Zinaitwa lakini hazisikii," alisema. "Ndiyo maana hata kijidudu dhaifu cha chanjo, kile hakiumizi watoto wengine, kimemshinda."

Hillary aliuliza ugonjwa huo umetoka upande gani.

"Pande zote mbili. Kila mzazi ametoa sehemu yake ya kasoro hiyo, bila kujua. Mamako aliponiambia kuhusu yule mtoto mwingine ndipo nilijua nitafute nini."

"Mtoto gani?"

"Ndugu yako," Florence akasema. "Aliitwa Kuntai. Na yale maneno ya maziwa, Ndanu, mimi ndiye niliyasema."

Ndanu alimfunika mtoto vizuri, akasimama. "Na ni wewe nilikuuliza, Mama," alisema, akatoka.

Naisula alianzishiwa sindano za protini nyingine, ile ambayo chembe zake zingeitengeneza kupigana na vijidudu kama zingesikia, pamoja na dawa za kuua vijidudu. Polepole homa ilikata, akaanza kunenepa. Kanisani Florence alisimama mbele ya akina mama akayafuta maneno yake. Safari hii hakuna aliyeitikia kwa kichwa. Akienda Kitengela, Ndanu humwamkia kwa heshima, humpa chai, hujibu anachoulizwa na haongezi neno.

Hillary alimwomba ampeleke alikozikwa Kuntai. Walienda hadi kwenye boma lao la zamani. Nyasi zilikuwa zimeota kote, na Florence alizunguka na kuzunguka bila kuweza kumwonyesha mwanawe mahali penyewe.