Somo la Kutoanguka

Shangazi alikuwa amebana misumari miwili kwa midomo, anautafuta wa tatu mfukoni, pale alipokanyaga mahali ambapo ubao wa jukwaa ulikuwa umekwisha. Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai. Wanafunzi wa useremala walikuwa juu ya jengo la ghorofa wakijifunza kusimamisha kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaufuata, na Shangazi akabaki amesimama hewani, hatua moja nje, chini yake kukiwa na rundo la kokoto na toroli lililopinduliwa. Akaupata msumari. Kisha akageuka, akarudi ukutani na kuupigilia, maana kenchi ilikuwa bado inayumba na mwenzake aliyeishikilia alikuwa anatiririka jasho.

Yeye na mwenzake huyo walipangwa pamoja kila kazi, kama pete na kidole. Darasa lilimpa jina la Babatatu siku mkewe alipojifungua watoto watatu kwa mpigo, na tangu siku hiyo alikuwa akisinzia hata akiwa amesimama.

"Shangazi," alisema, "ukitoka tena huko nje, hebu niangalizie kama hii kenchi imenyooka."

Shangazi akatoka tena, akaenda mbali kidogo, akafumba jicho moja.

"Imelalia kushoto."

"Nilijua tu," alisema Babatatu, akaisukuma.

Kumwita Shangazi lilikuwa wazo la wanafunzi wenyewe, kwa sababu aliwazidi wote umri. Alikuwa ameketi miaka mingi nyuma ya cherehani, akishona sare za shule, mpaka mgongo ukamwambia basi. Majirani walipomshauri afungue duka, yeye akajiandikisha chuo cha ufundi. Alitaka siku moja asimame barabarani, anyooshe kidole na kusema paa lile ni langu, nimelipandisha mimi kuanzia boriti ya kwanza. Hakuwa na tamaa nyingine kubwa zaidi ya hiyo, na hiyo ilikuwa inamnyima usingizi kwa raha.

Mwalimu wao alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyefundisha kupaua akiwa chini kwenye kiti cha plastiki. Aliona yote. Alipiga kelele juu, "Vizuri sana, Shangazi! Usalama kwanza!" kisha akaendelea kunywa chai yake.

Chuo hakikuwa na jengo la mazoezi. Kilikuwa na mapatano na Mkandarasi: yeye atoe jengo, chuo kitoe mikono. Mkandarasi alifika mchana, amevaa kofia ngumu ya manjano, safi kama sahani, ambayo ndiyo ilikuwa kofia ngumu pekee pale. Alipoambiwa yaliyotokea asubuhi, aliomba aonyeshwe. Shangazi akamwonyesha. Mkandarasi hakumtazama kwa muda mrefu. Macho yake yalihamia kwenye lile jukwaa la mirunda na mbao lililozunguka jengo zima.

"Sasa haya madude yote," aliuliza, "yanafanya nini hapa?"

Jioni lori likaja kuyachukua. Kulikuwa na jengo lingine upande wa pili wa mji, la mteja mwenye maneno mengi, lililohitaji kupakwa rangi.

Kuanzia kesho yake kazi ilipangwa upya. Ubao mnene uliwekwa ncha moja kwenye dirisha la ghorofa, na ncha ya pili begani kwa Shangazi, aliyesimama nje hewani. Wenzake walitembea juu ya ubao na nyundo zao. Wakimaliza dirisha moja, wanarudi ndani, Shangazi anasogea hadi la pili. Alikuwa imara. Hata upepo ulipovuma, ubao haukutikisika, na wanafunzi walikiri kwamba lile jukwaa la zamani lilikuwa likilia mno.

Tatizo lilikuwa moja tu. Shangazi aliacha kushika nyundo.

"Mwalimu, na mimi lini napigilia?" aliuliza.

"Mama yangu," Mwalimu alimjibu kwa upole, "umeona wapi jukwaa likapigilia misumari? Vumilia. Uko kwenye hatua ya juu kuliko wote."

Nyumbani mama yake alimkanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto, wala hakuonekana kushtuka.

"Hayo ni ya upande wa baba yako," alisema. "Babu yako alipanda darini kufukuza popo, ngazi ikaanguka, yeye akabaki hewani."

"Akafanyaje?"

"Akamaliza popo wake, akashuka. Lakini yeye hakubebeshwa watu."

Mambo yalipokwenda vizuri namna ile, Mwalimu aliongeza mada mpya kwenye mafunzo, baada ya kupima na kukata na kabla ya kupaka vanishi. Mada iliitwa kutoanguka. Alifundisha kila asubuhi uani, akiwa kitini, wanafunzi wakipanda mmoja mmoja kwenye rundo la matofali na kupiga hatua mbele.

"Siri ni kuondoa wasiwasi," alisema. "Mtazameni Shangazi. Mnaona ana wasiwasi? Hana."

Wanafunzi walipiga hatua mbele, wakatua puu mchangani, wakapewa alama. Aliyetua kwa miguu alipata zaidi ya aliyetua kwa makalio. Babatatu ndiye aliyeshika mkia. Safari moja alianguka kabla hajapiga hatua yenyewe, kwa usingizi. Darasa lilicheka hadi mbavu zikauma, naye akacheka pamoja nao, akijikung'uta vumbi.

Shangazi hakucheka sana. Alikuwa anaufikiria upande wa nyuma wa jengo. Huko nyuma ukuta ulikuwa mtupu, hauna dirisha hata moja, na ubao ungehitaji mabega mawili, moja kila ncha. Yeye alikuwa mmoja, na haikuhitaji hesabu ya chuo kuona hivyo. Akapiga moyo konde, akamfuata Mkandarasi kwenye gari lake.

"Bosi, tunaomba jukwaa lirudi kabla hatujafika nyuma."

"Kuna mtu ameanguka?"

"Bado."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Mimi niko mmoja, bosi. Na wenzangu hawajaweza."

"Watajifunza. Si ndiyo maana kinaitwa chuo?" Mkandarasi akawasha gari. "Sikia, mimi si mtu mbaya. Siku mtu akianguka kazini, jukwaa linarudi siku hiyohiyo. Hapo nimekula kiapo."

Shangazi alitafakari maneno hayo usiku kucha, akapata jibu rahisi. Ataanguka yeye. Ataanguka kidogo, kistaarabu, juu ya mchanga, jukwaa litarudi na kila mtu atakuwa salama. Babatatu alikubali kuwa shahidi.

Walianza wakati wa mapumziko. Shangazi alitoka ukutani akasimama hewani, akajilegeza. Hakwenda popote. Akajaza mifuko misumari ya inchi sita. Akakumbatia mfuko wa saruji. Akafumba macho na kuwaza mambo mazito, moja baada ya jingine, kuanzia marehemu baba yake hadi magoti ya mama yake.

"Legeza magoti!" Babatatu alimwelekeza kutoka dirishani. "Hapo unajishikilia, Shangazi! Nakuona!"

"Sijishikilii!"

"Basi waza kama mimi."

Akawaza kama Babatatu, akapiga mwayo, akabaki palepale. Mwishowe aliudhika, akarudisha mfuko wa saruji, akashuka kwa ngazi kama watu wengine. Pale chini, hatua ya kwanza tu, kokoto ikaviringika chini ya kiatu chake na kifundo cha mguu kikateguka. Alikaa kitako, akapiga ukelele.

Mkandarasi alikuwa anapita. Alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Umeona sasa?" alisema. "Siku zote nasema, hatari iko huku chini."

Kuanzia siku hiyo aliagiza wanafunzi wale chakula cha mchana hukohuko juu.

Hatimaye ikafika zamu ya upande wa nyuma. Ncha moja ya ubao ilikaa begani kwa Shangazi, ambaye kifundo chake kilikuwa kimefungwa bendeji. Ncha ya pili Mwalimu aliagiza ifungwe kwa kamba kwenye boriti, na mtu mwepesi atangulie. Babatatu hakuwa mwepesi, lakini ndiye aliyekuwa karibu. Alipanda ubaoni, ameshika mwisho wa kenchi, akatembea akihesabu hatua kwa sauti ili asisinzie.

"Rudi, Baba," Shangazi alimwambia. "Siipendi hiyo kamba."

"Hata mimi siipendi. Ngoja nipigilie huu mmoja tu."

Fundo likaachia. Shangazi aliona ncha ile ikishuka, akautupa ubao, akakimbia hewani kwa mguu mmoja mzima na mmoja mbovu, akawahi kushika shati. Shati likabaki mkononi. Babatatu alianguka kama watu wanavyoanguka, haraka, bila la ziada.

Shangazi alisimama pale juu na shati mkononi, akalia kwa sauti kubwa bila kuona haya. Hakulia hivyo hata kwenye msiba wa baba yake.

Babatatu hakufa. Alivunjika paja na nyonga, akapelekwa hospitali kwenye lile toroli mpaka barabarani, kisha kwa gari la Mkandarasi, baada ya kutandikwa gazeti kwenye kiti. Mkandarasi aliporudi, Shangazi alikuwa anamsubiri getini.

"Uliapa, bosi. Mtu akianguka kazini."

"Na kiapo changu kiko palepale." Mkandarasi alivua kofia, akajifuta paji la uso. "Lakini nimezungumza na Mwalimu. Huyu bwana alikuwa na alama za chini kuliko wote. Huyu hakuanguka kazini. Huyu amefeli mada."

Mwalimu, kwenye kiti chake, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alimpenda Babatatu, na ilimuuma kumfelisha.

Siku ya mapumziko Shangazi alikwenda kumwona mgonjwa. Alimkuta nyumbani, amelala kwenye godoro sebuleni, mguu ukiwa kwenye plasta hadi kiunoni. Watoto watatu walikuwa wamelazwa juu ya kifua chake kwa mstari, maana mama yao alikuwa anafua na hakuna mtu mwingine ambaye hakuwa na pa kwenda. Babatatu alikuwa mchangamfu. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, alisema, alikuwa amelala usingizi wa kushiba.

"Nimepewa nafasi ya kurudia," alimwambia. "Mwaka kesho, mguu ukishika. Mwalimu amekuja mwenyewe. Anasema nilikuwa na wasiwasi."

"Wewe ulikuwa na kamba mbovu."

"Na wasiwasi pia, Shangazi, tusidanganyane. Mke ana watoto watatu, utakosaje wasiwasi?" Alimrudisha mtoto wa katikati aliyeanza kuteleza. "Lakini kuna kitu nataka kukuuliza. Pale nilipotoka kwenye ubao, kabla ya kwenda chini. Nilihisi kama nilining'inia. Kidogo tu. Kama kupepesa jicho. Wewe ulikuwa unanitazama. Uliona?"

Shangazi alikuwa ameona yote. Hakukuwa na kuning'inia. Alimtazama usoni, akaona anavyongoja jibu, na wale watoto wakipanda na kushuka kwa pumzi zake.

"Niliona," alisema.

"Si nilikuambia!" Babatatu alimwita mkewe uani. "Mama Watatu! Shangazi naye ameona!"

Shangazi alirudi nyumbani kwa miguu, akijichukia njia nzima.

Mafunzo yalipokwisha alipewa cheti chenye daraja la kwanza, na Mkandarasi akamwajiri kabla wino haujakauka. Alifikiria kukataa. Alifikiria kurudi kwenye cherehani, au kutafuta mahali pengine ambapo angepewa nyundo. Lakini alijua Mkandarasi hataagiza mrunda hata mmoja. Akiondoka yeye, ubao utaendelea kuwekwa dirishani asubuhi kama kawaida, na ncha ya pili itatafutiwa kamba. Akasaini shingo upande. Lile jengo la kwanza lilikuwa limekwisha kuezekwa, paa lake likimeremeta hadi stendi ya mabasi, na ndani yake hapakuwa na misumari ya Shangazi zaidi ya michache ya ile asubuhi ya kwanza.

Wanafunzi wapya walianza siku ya mvua nyepesi, kwenye jengo jipya, refu kuliko lile. Walikuwa wachangamfu, kaptura na suruali zao bado hazijapata gundi. Shangazi aliwatangulia kutoka nje ya dirisha, akasimama hewani, akaweka kipande cha gunia begani na ubao juu ya gunia. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa msichana mwembamba aliyekuwa mwoka mikate kabla ya kuja chuo. Alishika kingo za dirisha, akachungulia.

"Shikamoo, Shangazi. Samahani, hapo umesimamia nini?"

"Marahaba. Sijasimamia kitu," alisema Shangazi. "Panda taratibu."

Msichana akashukuru, akapanda.