Ala ya Bastola na Mkono wa Mkwe

Jumapili tatu mfululizo Twalib aliuawa akiwa ameinama.

Si kuuawa kwa sanda na kaburi, tuelewane mapema. Ni ule mchezo wa bastola za bandia zinazorusha vidonge vya plastiki, vidogo kama punje za mtama. Watu wazima, wenye kazi zao na vitambi vyao, wanavaa miwani mikubwa na barakoa, wanagawana pande mbili ndani ya ghala kuukuu kusini mwa Johannesburg, wanawindana mpaka adhuhuri. Kidonge kikikupata, unanyoosha mkono juu na kutangaza mwenyewe, "Nimepatikana!" kisha unatoka nje ukanywe soda. Refa hayupo, ukidanganya, shauri yako na Mola wako. Na adui akikufikia karibu, haruhusiwi kufyatua, maana kidonge cha karibu huacha nundu. Anakugusa tu na mtutu na kukwambia, "Pa." Basi, umekwisha.

Twalib hakuwa mtu wa mambo hayo. Alikuwa fundi wa mafriji pale Hillbrow, mzaliwa wa Tanga, na Jumapili yake ilikuwa ya kufua na kulala. Kilichompeleka ghalani ni Nusaiba. Huyo Nusaiba alikuwa na baba, Mzee Khatibu, Mzanzibari mwenye meza ya kava za simu Joubert Park, na huyo baba alikuwa na wazimu wa mchezo huo. Barua ya posa ya Twalib ilipomfikia, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mume wa binti yangu awe na macho," alisema. "Njoo tucheze, uwe upande wa pili. Siku utakayonitoa uwanjani, ndiyo siku nitakayojibu barua. Zimebaki Jumapili nne kabla ya Ramadhani. Nikishafunga sichezi, na barua isiyojibiwa kabla ya mfungo, mwanangu, hiyo imekufa."

Twalib akaona hilo jepesi. Mzee wa miaka sitini na tatu, goti moja bovu! Akaenda dukani kununua bastola na ala yake, ule mkoba mgumu wa kuichomekea. Muuzaji akamwambia wanaume wa kweli huvaa paja la kulia, chini kabisa, kamba ikizunguka mguu. Twalib akajitazama kwenye kioo, akajipenda.

Jumapili ya kwanza, alipoanza tu kukimbia, kamba ililegea. Ala ikazunguka paja, ikahamia nyuma, ikashuka mpaka nyuma ya goti, naye akawa anachechemea kama kuku aliyefungwa kwa ajili ya sikukuu. Akajibanza nyuma ya mapipa kuitafuta. Hapo hapo mzee akachomoza.

"Assalamu alaykum, kijana."

Sasa, mtu aliyelelewa na Shangazi Shufaa wa Tanga, mwili wake haungoji ruhusa ya akili. "Waalaykumu salaam. Shikamoo, mzee!" Twalib akainama, akaupokea mkono wa mzee kwa mkono wake wa kulia, akataka kuubusu, barakoa ikagonga vidole vya mzee, ngo!

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Pa."

Wiki ile Twalib alikwenda Bellevue kwa rafiki yake Alexis, fundi cherehani wa Lubumbashi aliyekodi chumba kimoja nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani. Alexis aliitazama ile ala ya dukani kama mtu anayetazama suti iliyoshonwa kwa gundi.

"Hii ni kitu gani? Mon cher, nguo ni mahali pake. Nitakushonea ya ngozi, tunaiweka nyuma, pa kiuno. Hapo hakuna mtu ataiona."

Ni kweli hakuna aliyeiona. Jumapili ya pili mzee alitokea kwenye ngazi, akatoa salamu yake, Twalib akainama, na bastola ikachomoka kiunoni, ikateleza mgongoni, ikapita kichwani mwake na kuanguka miguuni pa mzee kama zawadi. Mzee akaiokota. Akaipangusa vumbi kwa ncha ya shati. Akamrudishia.

"Umeangusha."

"Ahsante sana, mzee. Mungu akuweke."

"Amin. Pa."

Jumapili ya tatu ala ilihamia kifuani, imefungwa kwa mikanda mipya, bastola imekaa imara hata ukimpindua mwenyewe miguu juu. Safari hii Twalib alikuwa na mpango: aamkie upesi, auachie mkono, achomoe. Mpango mzuri, ila ulisahau kwamba Mzanzibari akiushika mkono wako hauachii mpaka ukoo mzima uwe umejuliwa hali.

"Hujambo? Kazini je? Mama hajambo? Tanga kumenyesha?"

"Kumenyesha, mzee, alhamdulillah."

"Na shangazi yako, ule mguu?"

"Unaendelea vizuri, sasa anakwenda sokoni mwenyewe."

"Tumshukuru Mungu. Pa."

Jioni hiyo Nusaiba alipiga simu. Hakuuliza matokeo, alikuwa ameshamwona baba yake akiingia nyumbani anapiga mluzi.

"Eish, Twalib! Usimwamkie, basi! Mpige kwanza, salamu baadaye."

"Nisimwamkie baba yako?" Sauti ya Twalib ilipanda kama ya mtu aliyeambiwa aende sokoni bila suruali. "Nusaiba, unajua unachosema?"

"Najua wiki ijayo ni ya mwisho. Najua pia kuna mama mmoja wa Yeoville ana mtoto wa kiume na ameanza kumletea baba yangu visheti. Hebu nijibu swali moja. Baba akikushika mkono kwa mkono wake wa kulia, anakugusa na bastola kwa mkono gani?"

Jumapili tatu Twalib anauawa, na hakuwahi kuutazama mkono unaomuua. Macho yalikuwa chini, kwa adabu.

"Kwa wa kushoto," alisema polepole.

"Sharp, umeiona," akasema Nusaiba, akakata simu.

Hapa pana jambo la kueleza. Twalib alizaliwa wa mkono wa kushoto. Shangazi Shufaa aliupaka pilipili mkono ule miaka mitatu, mpaka mtoto akala, akapokea na kusalimia kwa wa kulia kama waja wote wa Mungu. Mkono wa kushoto ukabakiwa na kazi moja tu ambayo Shangazi hakuwahi kuiona: kushika bisibisi. Kumwelekezea mkwe kitu chochote kwa mkono huo, achilia mbali bastola, ilikuwa aibu ya kuhama mji.

Alimweleza Alexis yote. Alexis alilisimamisha lile sanamu lake la kupimia nguo, akalivalisha koti na kofia.

"Huyu njo mzee, mkwe yako. Msalimie."

"Alexis, sina muda wa..."

"Msalimie, nakwambia! Mimi siwezi kushona kitu ya kusimama kwa mtu ya kuinama."

Twalib akaliamkia sanamu. Alexis akamwinamisha mara ya pili, ya tano, ya kumi, akizunguka na chaki mdomoni. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa Twalib palepale ulipokuwa unaning'inia, akachora alama ya chaki kwenye suruali, nyongani.

"Kila mara unapoinama, huu mkono unakuja hapa, unakaa bure. Tunautafutia kazi. Ala hapa, upande wa kushoto, mdomo unalala mbele kidogo. Juu naweka kifungo, ukiinama bastola haitoki nje."

"Shangazi akisikia?"

"Shangazi yako iko Tanga. Sanamu, weye umesikia kitu? Haikusikia."

Jumapili ya nne. Mzee Khatibu alichelewesha kutokea, makusudi, mpaka wengine wengi wameshatoka kwenda kwenye soda. Kisha akaibuka kutoka nyuma ya friji bovu, na Twalib, fundi wa mafriji, akaona hata aibu kwamba hakushuku.

"Assalamu alaykum, kijana."

"Waalaykumu salaam. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo? Kazini?"

"Alhamdulillah. Na wewe, mzee, goti?" Twalib aliushika mkono wa mzee barabara, wala hakuinua macho. "Na mgongo? Na biashara? Unguja wazima?"

Mzee akababaika. Hakuzoea kuulizwa. "Wa... wazima. Kaka yangu alikuwa na mafua..."

"Pole yake. Amepona?"

"Amepona, tumshukuru..."

Kule chini kifungo kililia, tik. Mkono wa bisibisi ukajua njia yenyewe.

"Pa," akanong'ona Twalib, mtutu ukigusa tumbo la mzee. "Samahani sana, mzee wangu."

Mzee akautazama mtutu, akautazama mkono ulioushika, akautazama tena. Akanyoosha mkono juu.

"Nimepatikana!" akatangaza. Kisha akaivua barakoa, uso umewiva. "Lakini we mtoto! Kwa mkono wa kushoto? Mimi?"

Twalib akahisi barua yake inachanika mfukoni mwa mzee. Hakujua ushujaa ulimtokea wapi. Labda ni ile pilipili ya zamani ilimpanda.

"Mzee, na wewe hukunigusa kwa..."

"Usijilinganishe!" mzee akamaka. "Baba mkwe mikono yake yote ni ya kulia!"

Twalib alilisikia lile neno "mkwe", na mzee mwenyewe akalisikia, akakohoa, akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

"Mkono huo una faini," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kwenye mahari, pale pa kilemba cha baba, futa kilemba. Andika ala. Hebu ilete niione."

Twalib akaifungua, akampa kwa mikono miwili. Mzee akaijaribu nyongani, akajiinamisha, akanyanyuka, akajiinamisha tena.

"Amesoma huyu fundi. Mwambie yangu aisogeze nyuma vidole viwili." Akakigusa kitambi. "Hapa mbele pana mwenyewe."