Kitambaa Cheupe Mezani kwa Bernardine

Kitabu kilisema kwamba nyumba iliyostaarabika ina baba, mama na watoto. Bernardine aliurudia ukurasa huo akitumaini kwamba mama wa mke angejitokeza mahali fulani, labda baada ya sura ya kupiga pasi, au katika ile ya kuwakinga watoto na theluji. Hakujitokeza.

Kitabu hicho alikipata foyer, mahali ambapo wake wa makarani wa Uvira walifundishwa kuwa wake wa makarani. Kiliandikwa Ubelgiji kwa ajili ya wasichana wanaoanza nyumba, kisha kikafasiriwa kwa Kiswahili na mtu ambaye hakuona sababu ya kuiondoa theluji. Libérat, mumewe, karani wa ghala, alikiheshimu kuliko mkewe. Alikuwa ameomba kadi ya ustaarabu, ile Wabelgiji waliyowapa Waafrika walioishi kama Wazungu, na kabla ya kumpa kadi mtu, serikali hutuma mkaguzi kutazama anavyokula.

Shida ilikuwa Nkeshimana, mama yake Bernardine. Mto Ruzizi ulikuwa umeichukua nyumba yake ya Katogota, naye, mjane asiye na pengine pa kwenda, akahamia katika jiko la uani. Tangu aje, yeye na mkwewe hawakuwahi kuonana wakitafuna. Warundi wa bondeni hawana mzaha na jambo hilo: mwanamume hali mbele ya mama wa mkewe, wala mama huyo hali mbele yake.

"Miye sina ubaya naye," alisema Libérat. "Lakini kitabu hakimujui. Mkaguzi akimukuta, kadi imekwisha. Arudi Katogota."

"Arudi mu nyumba gani? Ya samaki?"

Libérat alijibu kwamba kitabu hakikuzungumzia samaki isipokuwa wa kukaanga kwa siagi.

Basi Bernardine akaisoma sura ya wageni. Humo alikuta kwamba mgeni huketi kuume kwa mwenye nyumba, hupakuliwa kwanza, na mwenye nyumba humzungumzia hali ya hewa. Hapakuwa na neno lolote kuhusu siku ambayo mgeni huondoka. Alimwonyesha mumewe. Libérat aliutafuta mwisho wa ugeni hadi kwenye jalada la nyuma, hakuuona. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubishana na kitabu, akakubali kwamba mama mkwe wake ni mgeni. Ndipo alipotambua kwamba mgeni huyo angeketi kando yake na kutafuna.

Hilo nalo Bernardine alilitatua kwa kitabu. Kilidai kitambaa cheupe kilichopigwa pasi kiwepo mezani. Hakikusema kilazwe. Alikitundika kwa kamba kutoka kwenye boriti, kikashuka hadi kwenye mbao za meza, Libérat upande huu, Nkeshimana upande ule.

Mkaguzi alikuwa Madame, Mbelgiji aliyefundisha foyer. Aliingia saa sita, akahesabu uma, akanusa supu iliyochujwa ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, kisha akasimama mbele ya kitambaa.

"Hii iko nini?"

"Ni heshima ya mgeni, Madame," alisema Bernardine.

Madame hakuwa amerudi Ulaya kwa miaka mingi, na desturi za mezani hubadilika. Hakutaka kuwa mtu wa mwisho kupata habari. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbuka, akaandika.

Libérat aliweka kijiko chini. Jasho lilikuwa limemfika kwenye kola.

"Mabukwe," alikiambia kitambaa, kama Warundi wamwitavyo mama mkwe, "leo jua iko kali."

Bernardine alishika ukingo wa meza. Mama yake hakuwahi kuusoma ukurasa wa hali ya hewa.

"Bernardine," ilisema sauti ya Nkeshimana nyuma ya kitambaa, "mwambie bwana yako hata huku iko jua ileile."

Madame aliandika tena, kwa urefu zaidi.

Kadi ilitoka kabla ya Pasaka, pamoja na maelezo kwamba meza ya Libérat ni ya kuigwa, na kwamba katika ukaguzi wa kila mwaka kila kitu kikutwe kama kilivyokuwa: uma, kitambaa na mgeni. Libérat aliyasoma akiwa amesimama. Jioni hiyo alimtoa Nkeshimana jikoni, akampa chumba chenye dirisha.

Foyer nayo ikaanza kuufundisha mtindo huo. Katika mtaa mzima wa Kimanga vitambaa vilitundikwa, na wanawake wakateremka kutoka milima ya Lemera kwa miguu, wakiwaleta mama zao. Candide, mke wa karani wa posta, ambaye mama yake alikwisha kufa, aliazima shangazi.

Kwa Bernardine, masika yalipofika, chakula kiliendelea kama kitabu kilivyotaka.

"Mabukwe," alisema Libérat, "mvua inanyesha."

"Mwambie nimeisikia," alisema Nkeshimana. "Apitishe chumvi."

Mkono wa Libérat ukapita chini ya kitambaa ukiwa na chumvi.