Ngazi ya Bi Swabaha

Kache ndiye aliyemchongea Sidi, na wala hakuficha. Asubuhi ya Ijumaa, wote wakiwa wamekaa kwenye baraza ya Jumuiya, alimgeukia akamwambia waziwazi kwamba alikwenda kwa Bi Swabaha akamweleza yote: mkokoteni, vitabu, na ile shule ya gumbaru kule Tudor.

"Mimi vidole sina," alisema Kache, akiinua mikono yake iliyoungua zamani. "Bi amesema akigundua mwongo mmoja atatuchambua sote. Nikikosa unga, nitakula vitabu vyako?"

Sidi alikuwa mtu wa kunyamaza. Akitukanwa leo, jibu humjia kesho. Alivuta leso akaufunika mguu wake wa kushoto, ule uliokonda kwa ugonjwa wa kupooza angali anatambaa, akatazama njia.

Jumuiya, chama cha kuwasaidia walemavu, ilikuwa na nyumba ya ghorofa ndani ya Mji wa Kale. Chini kulikuwa na vyumba ambamo Sidi, Kache na wenzao walilala bure. Juu ilikuwa ofisi. Kila mwezi ukiisha walipewa unga, sukari, mafuta na sabuni, na sharti lake lilikuwa kuonekana. Ijumaa zote walitakiwa kukaa barazani, viungo vyao vibovu wamevitoa nje, ili wafadhili, wengi wao wenye maduka na matajiri wa soko la Marikiti, wapite wajionee sadaka yao inakwenda wapi. Bi Swabaha, msimamizi, hakutaka kumwona yeyote pale ameshika sindano, wala sinia la karanga, wala kitabu. Msaada ni wa wasiojiweza, alikuwa akisema, na anayejiweza ajiweze.

Sidi alikatizwa shule darasa la tano, mama yake alipofariki. Mwaka ule, tisini na sita, alisikia kwamba Tudor wanafundisha watu wazima mchana, mara mbili kwa juma, na kwamba Novemba wanafunzi hao watafanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto. Mjomba wake Ngowa alikuwa hamali Marikiti, na Jumanne na Alhamisi alisukuma mboga kwenda upande huohuo. Basi alimpandisha mpwa wake juu ya magunia ya kabichi, naye akajitanda leso gubigubi asijulikane. Ijumaa hakukosa hata moja. Alidhani hilo latosha. Mguu hausomi, alijiambia, basi kusoma hakuwezi kuuponya wala kuuharibu, na msaada alipewa kwa ajili ya mguu.

Jua lilipoanza kuingia barazani, dirisha la juu lilifunguliwa na Bi Swabaha akachungulia.

"Sidi, ndoo huku yuu," akamwita apande.

Hakuna mpokea msaada aliyewahi kupandishwa ofisini. Ngazi ya nyumba ile ilikuwa ya mbao, imesimama kama ya kupandia darini, na pa kushika hapakuwa ila kamba. Jana yake Kache naye aliitwa hivyohivyo, akakaa palepale chini akalalamika kifua kinamuuma, mpaka Bi Swabaha akachoka akamteremkia. Sidi hakuwa na uso huo. Kwao, mkubwa akikuita unakwenda. Humwambii njoo wewe. Aliweka gongo lake la kutembelea mapajani, akaigeuzia ngazi mgongo, akaanza kujivuta kwa makalio, kidato baada ya kidato. Msumari ulimchuna kiganja. Alipofika juu, gauni lilikuwa limemganda kwa jasho, naye akatoa shikamoo kabla hajapata pumzi.

Haikuitikiwa. Bi Swabaha alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, mikono kifuani, na ubavuni mwake Joab, karani wa Jumuiya.

"Joab, umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Kuna aliyemsaidia?"

"Hakuna. Amepanda mwenyewe."

"Basi. Anayepanda ngazi hii hana haki na unga wa viwete."

Hapo Sidi akafahamu kwamba hakuitwa kuulizwa neno. Alijaribiwa, na heshima yake ndiyo iliyomtia mtegoni. Bi Swabaha alisema mengi, kwa sauti ya taratibu isiyopanda wala kushuka. Kwamba Kibarani kuna mtu amelala kitandani anangojea chumba hicho. Kwamba mwenye kichwa cha shule ana kichwa cha kutafuta kazi. Kwamba angeona haya, mwanamke mzima kujificha kwenye kabichi. Joab akacheka, akauliza kama akimaliza darasa la nane watamwita Bi Disii, mkuu mzima wa wilaya. Mwisho wake akapewa mawili: asimame mbele ya wafadhili leo hii aseme shule ameiacha, au ahame chumba kabla ya magharibi.

Sidi alijaribu kueleza. Bila chumba hana pa kulala wala pa kusomea. Bila mtihani atakaa kwenye baraza ile mpaka azikwe. Lakini sauti ilitoka ndogo mno, hata Joab akatega sikio kwa mzaha.

"Sema, msomi. Hatukusikii."

"Mtihani umebaki mwezi mmoja, Bi. Huo tu."

"Hata siku moja. Chagua, kisha ushuke. Watu waja."

Kweli walikuwa wanakuja. Chini zilisikika salamu, viatu, na Kache akiomboleza kwa sauti yake ya Ijumaa. Wafadhili walikuwa wapande ofisini kunywa kahawa, na Sidi alikuwa amekaa mlangoni, juu kabisa ya ngazi, amewazibia njia.

Alitazama chini. Wakati wa kupanda alikuwa ameipa ngazi mgongo, hakuona kitu. Sasa aliona kila kidato kilivyo chembamba, na kamba inavyoning'inia, na sakafu ya mawe ilivyo mbali. Kupanda alijivuta kwa mikono. Kushuka kunataka mguu wa kuzuia mwili, na mguu huo hana. Hofu ikamkamata. Akangoja impite, haikupita, na ndani ya hofu hiyo akaona kwamba kwa mara ya kwanza hana haja ya kudanganya.

"Kupanda mliniita," alisema. "Kushuka siwezi."

Bi Swabaha alimwinamia, akamwambia kwa mnong'ono asimfedheheshe mbele ya watu. Sidi akakumbatia mwimo wa mlango. Joab alimshika makwapa kumwinua, naye akajilegeza akawa mzito kama gunia. Maisha yake yote amejitahidi kuwa mwepesi kwa wanaombeba. Leo hakujitahidi.

Mzee wa kanzu, mwenye duka la vitambaa, alikuwa amefika chini ya ngazi. Aliinua macho akauliza kwa nini kiwete amepandishwa huko.

"Ni wetu huyo," akajibu Bi Swabaha haraka. "Amekuja kushukuru."

"Basi mteremsheni. Asije akaanguka."

Joab alimchukua mgongoni, akashuka akihema, na njiani akamwambia polepole kwamba usiku huu atalala Marikiti na kabichi zake. Alimweka barazani mbele ya mzee. Mzee akamtazama mguu, kama walivyofanya wote, kisha akamtazama uso.

"Umeshukuru nini, binti?"

Watu walikuwa wengi, na Sidi alikuwa hajapata kusema mbele ya watu wengi. Masikio yalimwaka. Aliinua macho, akamwona Bi Swabaha amesimama juu ya ngazi, uso umekaza.

"Wamenipa ruhusa nifanye mtihani wa darasa la nane," alisema. "Na chumba nibaki nacho mpaka niumalize, na posho yangu."

"Mashallah," akasema mzee, akamwinulia mkono msimamizi. "Hapo mmefanya jambo, Bi Swabaha. Hapo tutaongeza."

Bi Swabaha akatabasamu kwa meno, akasema hiyo ndiyo kazi ya Jumuiya.

Wafadhili walipokwisha kupanda, gongo la Sidi lilitupwa kutoka juu. Liligonga ukuta, likateleza, likaangukia mawe ya njia. Hakuna aliyeliokota. Sidi alijiburura akalifuata mwenyewe, na Kache akamtazama tu.

"Desemba watakutoa," alisema Kache. "Na mimi nitawasaidia kubeba godoro."

"Desemba nitakuwa nimeshafanya," akajibu Sidi. Akalifuta gongo vumbi kwa leso, akarudi kukaa mahali pake, na mguu wake hakuufunika.