Biskuti za Suluhu

Chiriku alipewa jina hilo na baba yake kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutembea vizuri, na tangu hapo hakunyamaza. Alikuwa mtoto pekee; mama yake alikuwa fundi cherehani, baba yake fundi umeme. Alipokuwa na miaka miwili aliokota punje ya karanga sakafuni akaitia mdomoni. Muda si muda midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Siku ile aliponea chupuchupu. Daktari aliwaambia wazazi wake bila kupinda maneno, "Huu ni mzio. Kwa huyu, karanga ni sumu. Hata chembe."

Mama Chiriku hakulisahau neno hilo. Nyuma ya majengo ya ghorofa walikokaa kulikuwa na uwanja wa watoto, wenye bembea mbili na mtelezo wa bati uliounguza mapaja jua likiwaka, na benchi za saruji za wazazi. Hapo mwenye kitafunio alikigawa. Aliyekula peke yake alisemwa mchoyo.

"Jamani, naomba tena, msinichoke," Mama Chiriku alikuwa akisema kila jioni. "Mtoto aliyekula karanga anawe mikono kabla hajashika bembea."

Wengine waliitikia. Mama Pacha, msusi mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alikuwa akicheka. "Na upepo je, mwenzangu? Nao tuuombe ukanawe?"

Jioni moja Mama Chiriku alimkuta binti wa Mama Pacha, yule waliyemwita Pacha Mdogo, akila mkate uliopakwa siagi ya karanga huku amemkumbatia Chiriku. Aliunyakua ule mkate akautupa. Mtoto akaangua kilio. Mama Pacha akasimama, mikono kiunoni.

"Sisi tumekula karanga tangu hatuna meno, mbona tuko hai? Kama wako ni yai, mfungie kabatini!"

Benchi zima likacheka. Mama Chiriku alimshika mwanawe mkono wakaondoka.

Nyumbani, mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Najua una haki," alisema. "Lakini punguza ukali. Watu wakitukimbia, mtoto atacheza na nani? Na nguzo?"

Akapunguza. Alianza kukaa benchi la pembeni na sindano ya dharura mkobani. Chiriku alikuwa amefundishwa kwamba chochote asichopewa na mama, kwanza amtazame mama. Hata hivyo, wazazi walipomwona Mama Chiriku anakuja walikuwa wakishusha sauti, na siku ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani Chiriku hakualikwa. Alilia mpaka akalala na viatu.

Ndipo Mama Pacha, ambaye kwa kweli hakuwa na roho mbaya, akaingiwa na haya. Jumamosi moja alikuja uwanjani na bakuli lililofunikwa kitambaa, akaenda moja kwa moja benchi la pembeni.

"Leo hakuna kununiana," alisema. "Nimepika biskuti mwenyewe. Unga, sukari, maziwa, basi. Karanga hamna hata ya dawa. Nimezipika kwa ajili ya Chiriku."

Wazazi wote walikuwa wakitazama. Mama Chiriku alihisi maswali yamemjaa kinywani. Umetumia chombo gani? Umekiosha na nini? Lakini mtu amekubebea hisani mikononi mwake, mbele za watu, utaanzaje kumhoji kama polisi? Akayameza maswali yake.

"Ahsante, dada. Mungu akubariki."

Pacha Mdogo alichagua biskuti kubwa kuliko zote akampelekea rafiki yake. Chiriku hakuila. Aligeuka akamtazama mama yake, kama alivyofundishwa.

Mama yake akatikisa kichwa kumkubalia.

Alikuwa hajaimaliza alipoanza kujikuna shingo. "Mama, ulimi umekuwa mnene," alisema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Mama yake alimchoma sindano pajani. Baba mmoja aliyekuwa na gari aliwapakia, akapiga honi njia nzima. Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto akakimbia naye. Daktari alipotoka alikuwa ameshavua glavu, na mama yake, yule fundi cherehani, akajua kabla hajaambiwa.

Baadaye ilijulikana. Mama Pacha alikuwa amesaga sukari kwenye blenda ambayo siku iliyotangulia ilisaga karanga. Aliisuuza kwa maji tu.

Alikuja msibani. Shangazi wa marehemu akamzuia mlangoni, naye Mama Pacha akarudi alikotoka.

Baada ya matanga, fundi alisikia kwamba Pacha Mdogo hataki kula wala kuguswa, anashinda ameikalia mikono yake. Mumewe alimwambia, "Huna deni kule." Hata hivyo alikwenda.

Mama Pacha alifungua mlango, amekonda, nywele hazijachanwa, yeye aliyesuka mtaa mzima. Fundi alimpita akaenda kukaa na mtoto sakafuni.

"Mbona umeficha mikono?"

"Mibaya," mtoto alinong'ona. "Ndiyo iliyompa Chiriku."

 Fundi akaivuta ile mikono, mmoja baada ya mwingine, akaishika. Ilikuwa ya baridi.

"Nisikilize, mwanangu. Ulimchagulia rafiki yako iliyo kubwa kuliko zote. Hiyo si mikono mibaya. Aliniuliza mimi, nami nikamruhusu. Kuuliza imepikwaje ilikuwa kazi yetu sisi wakubwa. Haikuwa yako. Umesikia?"

Mtoto hakuirudisha mikono. Baada ya muda akakubali maziwa, akanywa nusu kikombe.

Mama Pacha alikuwa ameegemea mlango, machozi yanamtoka. "Na mimi, dada?"

"Wewe bado," fundi alisema, akinyanyuka. "Na mimi mwenyewe bado."

Hawakuzungumza tena. Mwaka haukuisha kabla fundi na mumewe hawajahamia mtaa mwingine. Mteja mmoja alimletea habari kwamba Mama Pacha siku hizi anakaa karibu na bembea, na kila mzazi mgeni akiingia humwuliza mtoto wake ana mzio wa nini, na wapo wanaomcheka.

"Wanasema kachanganyikiwa," mteja alisema.

Fundi alisimamisha cherehani. Alimwomba mteja radhi, aifuate sketi yake kesho, akafunga mlango wa duka ingawa jua lilikuwa bado juu.